Mtoto na Lugha: Huzaliwa Nayo au Huipata kwa Watu?

MWANAISIMU: Hakuna mzazi anayemkalisha chini mtoto wa miaka miwili na kumweleza kuwa vitenzi vya silabi moja vya Kiswahili hubeba ku- katika njeo fulani na kuiacha katika nyingine; hata hivyo, kila mtoto anayekulia katika Kiswahili hufikia kusema "anakula", "amekula" na "atakula", kisha akasema "hajala", "asile" na "akila", wala haingizi ku- pale isipostahili. Siri ya jambo hili imo katika mkazo, ambao katika Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho wa neno: viambishi kama na-, me- na ta- haviwezi kuubeba, ndiyo maana ku- huingizwa iubebe, ilhali ja-, si- na ki- huubeba vyenyewe. Watu wazima wengi wanaoifuata kanuni hii kutwa kucha hawawezi kuieleza hata wakiulizwa. Ikiwa mwenye kufundisha haijui kwa kuisema, basi mwenye kujifunza ameifikiaje? Jibu la wanaisimu wanaomfuata Noam Chomsky ni kwamba mtoto haanzi na ubongo mtupu, bali huzaliwa na uwezo mahsusi wa lugha ulioitwa sarufi majumui, yaani misingi inayoziwekea lugha zote za binadamu mipaka ya namna zinavyoweza kuundwa, na kazi ya usemi anaousikia ni kumwonyesha tu ni namna ipi inayotumiwa na watu wake.

MWANASAIKOLOJIA: Mfano huo umechaguliwa vizuri, lakini umenyamazia jambo moja, kwamba "kula" ni miongoni mwa vitenzi vinavyotamkwa mara nyingi zaidi katika nyumba yenye mtoto. "Umekula?", "huyu hajala", "akila atalala" ni vipande vya usemi ambavyo mtoto huvisikia vikiwa vizima, kila siku, pamoja na sahani, kijiko na uso wa anayemlisha, wala hahitaji kanuni ya mkazo ili avirudie jinsi vilivyo. Michael Tomasello, katika kitabu chake cha mwaka 2003, alieleza kuwa mtoto huanza na vipande vya aina hiyo vilivyofungamana na neno moja moja, na ni baada ya kukusanya vingi ndipo anapong'amua vinavyofanana na kutoa ruwaza, yaani mpangilio wa jumla unaomwezesha kuunda sentensi ambazo hajapata kuzisikia. Kanuni huja mwisho, ikiwa zao la kulinganisha. Kudai kuwa ilikuwepo tangu mwanzo kwa sababu tu mtu mzima anayo ni kuiruka miaka yote ya katikati.

MWANAISIMU: Maelezo ya vipande hukwama pale mtoto anapopewa neno ambalo hakuna aliyewahi kulitamka mbele yake. Mwaka 1958 Jean Berko aliwaonyesha watoto wa Marekani picha ya kiumbe wa kubuni, akawaambia kuwa anaitwa "wug", kisha akawaonyesha wawili na kuwaacha wamalizie sentensi. Watoto wakatoa wingi wa neno hilo kwa usahihi, ingawa lilikuwa limebuniwa kwa ajili ya jaribio hilo tu. Hapo hapakuwa na kipande cha kurudia.

MWANASAIKOLOJIA: Watoto wa Berko walikuwa na umri wa miaka minne hadi saba, na mtoto wa umri huo amekwisha kusikia maneno mengi mno kiasi kwamba ruwaza ya wingi imekwisha kumkaa. Swali la mjadala huu linahusu wadogo zaidi. Tomasello na wenzake walipowafundisha watoto wa miaka miwili vitenzi vya kubuni, wengi walivitumia katika muundo uleule waliovisikia nao, wakasita kuvihamishia katika muundo mwingine. Jambo hilo halitarajiwi kwa mtu aliyezaliwa na kanuni mkononi.

MWANAISIMU: Kutotamka si kutojua. Jaribio lililochapishwa mwaka 2006 na Yael Gertner, Cynthia Fisher na mwenzao halikuwadai watoto waseme chochote: watoto wa miezi 21 walionyeshwa video mbili kwa pamoja, moja ikiwa na mnyama wa kwanza anayemtenda wa pili na nyingine ikiwa na wa pili anayemtenda wa kwanza, huku wakisikia sentensi ya Kiingereza yenye kitenzi cha kubuni, na macho yao yalielekea zaidi kwenye video iliyolingana na mpangilio wa maneno. Kitenzi hawakukijua, lakini nafasi ya mtenda na mtendwa waliijua.

MWANASAIKOLOJIA: Miezi 21 nayo ni muda wa kujifunza, na muda mrefu. Pengine panafaa kuondolewa dhana inayoupotosha mjadala huu mara kwa mara, kwamba kuikataa sarufi majumui ni kumrudia B. F. Skinner. Kitabu cha Skinner cha mwaka 1957 kilijengwa juu ya nadharia ya utabia, ambayo huona kila usemi kuwa mwitikio unaoletwa na kichocheo cha nje na kuimarishwa na tuzo, kama vile mtoto aombapo maji akapewa, akaomba tena. Chomsky alikipinga katika mapitio yake ya mwaka 1959, na alikuwa na haki. Hakuna mtafiti makini wa leo anayedai kuwa sarufi hujengwa kwa tuzo. Lakini kuanguka kwa Skinner hakukuwa kuanguka kwa ujifunzaji. Mwaka 1996 Jenny Saffran, Richard Aslin na Elissa Newport waliwasikilizisha watoto wa miezi minane mfululizo wa silabi uliodumu dakika mbili, usio na kituo wala mkazo, ulioundwa kwa maneno ya kubuni kama "bidaku", "golabu" na "tupiro" yaliyorudiwa bila mpangilio maalumu. Ishara pekee ya mpaka wa neno ilikuwa kwamba "bi" ilifuatwa na "da" kila mara, ilhali baada ya "ku" iliweza kuja silabi yoyote ya kuanzia neno jingine. Baada ya dakika hizo mbili watoto waliyatofautisha maneno na mafungu ya silabi yaliyovuka mipaka yake. Hakuna aliyewapa tuzo, wala hapakuwa na maana ya kushika. Mtoto anayeweza kupiga hesabu ya namna hiyo kwa dakika mbili ataweza nini kwa miaka mitatu?

MWANAISIMU: Ataweza kukata maneno, lakini kukata maneno si sarufi. Wanyama wengine pia hutambua ruwaza za sauti, na hakuna hata mmoja aliyeishia kuuliza swali au kusimulia ya jana. Zaidi ya hayo, mwanafunzi anayekisia kwa hesabu huhitaji kuambiwa anapokosea, na wazazi hawafanyi hivyo. Roger Brown na Camille Hanlon walipochunguza mazungumzo ya wazazi na watoto wao, katika utafiti waliouchapisha mwaka 1970, walikuta kuwa mzazi hulisahihisha lisilo kweli na kuliacha lililovunjika kisarufi. Mtoto akisema sentensi mbovu lakini ya kweli hupongezwa. Hali hii, ambapo kinachosikika ni kichache na kina dosari kuliko kinachokuja kujulikana, ndiyo inayoitwa ufukara wa vichocheo.

MWANASAIKOLOJIA: Ufukara huo umepimwa mno kwa Kiingereza, na hapo ndipo lugha za Kibantu zinapotoa ushahidi ambao vitabu vingi vya kiada huupita haraka. Kauli ya kutendwa, kama ilivyo katika "mtoto amebebwa na mama", huchelewa kwa watoto wa Kiingereza, na mwaka 1987 Hagit Borer na Kenneth Wexler walieleza kuwa sehemu ya sarufi inayohusika na kauli hiyo hukomaa baadaye kwa ratiba ya kibaiolojia, kama meno. Mwaka 1989 Katherine Demuth akachapisha uchunguzi wake wa watoto wa Kisotho nchini Lesotho, akaonyesha kuwa watoto hao huitumia kauli ya kutendwa kwa ufasaha kabla ya kutimiza miaka mitatu. Sababu yake haimo katika ubongo wa Msotho bali katika mazungumzo yake: kiima katika Kisotho hutakiwa kiwe kitu ambacho tayari kinazungumzwa, na neno la kuuliza "nani" haliwezi kukaa mahali pa kiima, kwa hiyo mtu hamuulizi mtoto "nani amekupiga?" bali humuuliza "umepigwa na nani?" Mtoto wa Lesotho huisikia kauli ya kutendwa mchana na usiku, naye huipata mapema. Kama ratiba ya ukomavu ndiyo inayotawala, haielekei watoto wa lugha moja wawe nyuma ya wa lugha nyingine kwa mwaka mzima au zaidi.

MWANAISIMU: Ushahidi wa Lesotho unastahili heshima, na umeilazimisha nadharia ya ukomavu irudi nyuma; lakini hauishii pale unapoachwa. Demuth alirudi kwenye swali hilo pamoja na Francina Moloi na 'Malillo Machobane, na matokeo yao ya mwaka 2010 yalionyesha kuwa watoto wa Kisotho wa miaka mitatu, wakifundishwa kitenzi cha kubuni, huweza kukigeuza kuwa cha kutendwa hata kama hawakukisikia katika kauli hiyo. Kwa hiyo wingi wa kusikia umeharakisha jambo, hilo halikanushiki, lakini kilichoharakishwa ni kanuni dhahania, si rundo la vipande.

MWANASAIKOLOJIA: Kanuni dhahania haikanushwi na upande wowote hapa. Kinachobishaniwa ni ilikotoka.

MWANAISIMU: Basi ushahidi wa Kiswahili chenyewe usikilizwe. Kamil Ud Deen aliwachunguza watoto wanne wa Nairobi katika miaka yao ya mwanzo ya kusema, akachapisha matokeo yake katika kitabu mwaka 2005. Kitenzi kama "atapika" kina kiambishi cha nafsi a-, kiambishi cha njeo ta-, mzizi pik- na irabu ya mwisho -a. Watoto hao walidondosha kiambishi cha nafsi, au cha njeo, au vyote viwili, wakabaki na maumbo ya aina ya "tapika" au "pika", ila irabu ya mwisho waliishika. Mtoto anayeiga tu angedondosha ovyo, leo mwanzo wa neno na kesho mwisho wake. Makosa yenye utaratibu ni dalili ya mfumo unaofanya kazi ndani.

MWANASAIKOLOJIA: Au ni dalili ya sikio. Dan Slobin aliandika mwaka 1973, baada ya kulinganisha lugha nyingi, kuwa watoto huzingatia miisho ya maneno, na viambishi vya mwanzo vya Kiswahili havina mkazo wala haviko mwishoni. Tena watu wazima wenyewe huvidondosha: anayesema "naenda" badala ya "ninaenda" si mtoto.

MWANAISIMU: Irabu ya mwisho nayo haina mkazo. Na kama mtoto wa kila lugha husikiliza mwisho wa neno, ni nani aliyemwelekeza huko?

MWANASAIKOLOJIA: Kumbukumbu. Linalosikika mwisho ndilo linalobaki, liwe neno, wimbo au mlio wa ngoma. Kwamba binadamu huzaliwa na kumbukumbu, masikio na hamu ya kufuata macho ya mwenzake anapoangalia kitu, hilo halina ubishi. Ubishi upo juu ya kuzaliwa na sarufi.

MWANAISIMU: Jamii zisizozungumza na watoto wachanga huiweka hoja ya mazingira mahali pagumu. Robert LeVine na wenzake, katika kitabu chao cha mwaka 1994 kuhusu malezi ya Wagusii wa magharibi mwa Kenya, walieleza kuwa mama alimhesabu mtoto mchanga kuwa wa kulindwa, kunyonyeshwa na kutulizwa alie kidogo iwezekanavyo, wala hakuona haja ya kupiga naye gumzo kama wafanyavyo akina mama wa Boston. Marisa Casillas na wenzake nao waliripoti mwaka 2020 kuwa mtoto mdogo wa Watseltal wa Chiapas, nchini Mexico, husemeshwa moja kwa moja kwa wastani usiofika dakika nne katika saa nzima, na bado hutamka neno lake la kwanza na kuunganisha maneno katika umri uleule unaotarajiwa kwingine. Nao watoto wa Kigusii waliolelewa hivyo walikua wakisema Ekegusii. Ikiwa kusemeshwa ndiko kunakoijenga lugha, ni nini kilichoijenga hapa?

MWANASAIKOLOJIA: Kutosemeshwa si kutosikia. Mtoto wa Kigusii alishinda mgongoni mwa dada yake katikati ya watoto wengine, akisikia maagizo, ugomvi na michezo. Utafiti wa nchi za Magharibi ulimweka mama na mtoto peke yao ndani ya chumba, kisha ukaita hali hiyo mazingira ya lugha. Kosa hilo ni la vipimo, si la hoja.

MWALIMU WA VIZIWI: Pande zote mbili zimezungumza kana kwamba kila mtoto ana usemi wa kuupokea. Yupo mtoto ambaye nyumba nzima inasema na yeye hapati hata silabi moja, naye ndiye anayelipa gharama ya mjadala huu. Watoto viziwi walio wengi huzaliwa na wazazi wanaosikia. Mzazi aliyeambiwa kuwa lugha humea yenyewe kutoka ndani hungoja. Na mzazi aliyeambiwa kuwa lugha ni kusemeshwa humsemesha mtoto asiyesikia kwa sauti ya juu zaidi mwaka hadi mwaka, tena aghalabu akionywa asimwonyeshe alama za mikono zisije zikamzuia kusema. Mtoto huyo huja shuleni akiwa na miaka saba au minane bila lugha yoyote. Kila nadharia iseme ina neno gani kwake.

MWANAISIMU: Neno lililo wazi kuliko yote limetoka Nicaragua. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1979 watoto viziwi wengi walikusanywa katika shule za Managua, ambako walimu waliwafundisha Kihispania kwa kusoma midomo bila mafanikio makubwa. Lakini uwanjani na ndani ya mabasi watoto walianza kuunganisha ishara walizotoka nazo nyumbani, na waliokuja baada yao wakiwa wadogo wakaupokea mchanganyiko huo na kuutolea lugha kamili. Ann Senghas na wenzake walionyesha mwaka 2004 jinsi badiliko hilo lilivyokuwa: wakisimulia kitu kinachobingirika kuteremka mlimani, wakubwa wa kundi la kwanza walielekea kuonyesha kubingirika na kuteremka kwa mkono mmoja kwa pamoja, kama mtu anayeigiza tukio, ilhali wadogo walitoa alama ya kubingirika, kisha ya kuteremka, moja baada ya nyingine, kama maneno yanavyofuatana. Hakuna aliyewafundisha kulipasua tukio vipande viwili. Walichokitoa hakikuwa katika walichokipokea.

MWANASAIKOLOJIA: Lakini hakikutoka kwa mtoto aliyekaa nyumbani peke yake. Ishara za nyumbani ambazo Susan Goldin-Meadow alizichunguza kwa watoto viziwi wasio na lugha ya alama zina mpangilio fulani, naam, ila hazifiki kuwa lugha. Managua ilihitaji kundi, na kundi la pili lijifunze kutoka kwa la kwanza. Simon Kirby na wenzake wa Edinburgh walionyesha mwaka 2008 kuwa hata watu wazima wakipokezana maneno ya kubuni, kila mmoja akijifunza kutoka kwa aliyemtangulia, maneno hayo hujipanga yenyewe katika viungo vyenye utaratibu. Sarufi huweza kuzaliwa katika kupokezana, bila kuandikwa katika kichwa cha yeyote.

MWALIMU WA VIZIWI: Majibu yote mawili yamewahusu watoto waliokutana mapema. Vipi waliochelewa?

MWANAISIMU: Eric Lenneberg alipendekeza mwaka 1967 kuwa kipo kipindi mahsusi cha kupata lugha, yaani dirisha la ukuaji linaloanza kujifunga kuelekea balehe. Kisa cha Genie, msichana wa California aliyegunduliwa mwaka 1970 baada ya kufungiwa chumbani tangu utotoni, hutajwa sana hapa, lakini mtoto aliyeteswa na kunyimwa kila kitu hawezi kuwa shahidi wa lugha peke yake. Ushahidi safi ni wa Newport, mwaka 1990, aliyewapima viziwi watu wazima waliotumia Lugha ya Alama ya Marekani kwa zaidi ya miaka 30: walioipata tangu kuzaliwa, walioianza katika umri wa miaka minne hadi sita, na walioianza baada ya miaka 12. Mpangilio wa maneno wote waliumudu. Katika viambishi vya vitenzi, waliochelewa walizidiwa, na muda wa matumizi haukuwaokoa. Kama ni ujifunzaji tu, miaka 30 haitoshi?

MWANASAIKOLOJIA: Newport mwenyewe hakutafsiri hivyo. Alipendekeza kuwa mtoto hufaulu kwa sababu ya udogo wa kumbukumbu yake: akiwa hawezi kushika neno zima, hushika vipande, na kwa hiyo viambishi humdhihirikia, ilhali mkubwa hulimeza neno zima asione viungo vyake. Ukuaji wa mwili umo katika maelezo hayo, sarufi ya kuzaliwa haimo.

MWANAISIMU: Ndama na kinda nao wana kumbukumbu ndogo.

MWALIMU WA VIZIWI: Tofauti hiyo na iendelee kuchunguzwa, kwa maana ina uzito wake, lakini isifichwe nyuma yake kuwa pande zote mbili zimetaja miaka ileile. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeitambua Lugha ya Alama ya Kenya hata kuifanya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, lakini Bunge si mahali mtoto anapopatia lugha. Mtoto kiziwi huipatia kwa kiziwi mtu mzima anayeingia nyumbani kwao katika mwaka wa kwanza, na kwa mama, baba na ndugu wanaojifunza alama pamoja naye hata wakikosea. Na hayo hayawezekani mpaka masikio yake yapimwe akiwa angali wodini. Mwanaisimu anayeamini kuwa dirisha hujifunga, je, yuko tayari kusema mbele ya wazazi kuwa alama hazizuii kusema? Na mwanasaikolojia anayeamini mazingira, atakubali kuwa kumhesabia mama maskini idadi ya maneno anayosema, kama Betty Hart na Todd Risley walivyofanya Kansas katika utafiti wao wa mwaka 1995, hakumpi mtoto huyu chochote?

MWANASAIKOLOJIA: Hilo la pili linakubalika bila masharti. Familia za Hart na Risley zilikuwa 42 tu, na usemi uliohesabiwa ulikuwa ule alioelekezewa mtoto, si aliousikia ukipita. Kwa mtoto kiziwi, maneno milioni moja ya sauti ni sawa na kimya, na alama chache zinazoeleweka huuzidi utitiri huo.

MWANAISIMU: Na la kwanza pia. Uwezo wa kuzaliwa, kama upo, haujali sauti wala mkono. Laura Ann Petitto na Paula Marentette waliripoti mwaka 1991 kuwa watoto wachanga viziwi waliozaliwa na wazazi wanaotumia alama hubwabwaja kwa vidole kabla ya mwaka mmoja, kama wenzao wanavyobwabwaja kwa midomo. Anayemkataza mama kutumia alama kwa jina la nadharia hii hakuielewa.

MWALIMU WA VIZIWI: Basi na iandikwe hivyo katika vitabu vinavyofundishia wauguzi na walimu wa chekechea, sura ileile yenye majina ya Chomsky na Skinner, kwa sababu humo sasa mtoto kiziwi hutajwa kama ushahidi tu.